Kopo la Wifi

...na anajifanya hajui kitu, wifi huyu, amepiga magoti ng'ambo ya shimo anasukumia udongo kwenye mzizi kama mtu mwema, shika mche wima, anasema, na Mama Pasi anaushika, afanyeje, kazi ya kujitolea huchagui mwenzio, lakini jicho lake liko kwenye mdimu-mwitu uliowainamia, mti alioupanda marehemu mumewe, kaka yake huyuhuyu wifi, mwaka walipoanza bustani hii ya mimea ya asili, akasema huu ni wa vipepeo, mke wangu, watataga hapa, na kweli enzi za uhai wake kila mvua zikikolea alimwita, njoo uone, akaja akakuta viwavi wanene wa kijani wanatafuna, na wenzao wote wanashangilia majani yaliyotoboka, wendawazimu wa bustani hii, kwingine jani likiliwa watu hulia... na sasa? tangu afariki mvua hizi ni za pili na kiwavi hata wa dawa hakuna, majani mazima yanang'aa, ndiyo, yanang'aa kwa sababu yeye huyafuta kwa kitambaa kila asubuhi, ndege wanayanyea, na mti wa marehemu hauwezi kukaa na mavi ya ndege kama usio na mwenyewe, hawakumwita Mama Pasi bure, fundi cherehani anayepiga pasi hata matambara... ongeza udongo wifi, anaambiwa, haya, anaongeza... lakini juzi aliwahi kufika akamwona wifi, kwa macho yake haya mawili, ameinama mdimuni na kopo la maziwa, anadonoa kitu jani kwa jani, na aliposalimiwa akaficha kopo nyuma ya sketi, nazunguka tu wifi yangu, anazunguka! mtu huzunguka na kopo? anawauza hao viwavi, au anawaua, ni lile koti, tangu maziko ana kinyongo, aliomba koti la kaka yake akanyimwa, sasa anaumaliza mti, kikulacho ki nguoni mwako, na ndiyo maana jana Mama Pasi alimwendea Mwenyekiti akamwaga yote, na Mwenyekiti akasema kesho nitamnyang'anya ufunguo wa geti, asikanyage tena hapa, na akose pa kwenda, hana mtoto, hana mume, ana bustani hii tu... ndiyo hao, buti za Mwenyekiti kwenye kokoto, aje, aje upesi, na tazama, mavi mengine mabichi kwenye jani la chini, ya kahawia na doa jeupe, kitambaa kiko wapi, anakitoa kwa mkono ulio huru, ananyoosha...

"Hicho usikifute, wifi," anasema wifi taratibu. "Kiguse kwanza kwa kidole."

Akigusie nini, mavi? lakini anakigusa, na mavi yanainua kichwa, yanachomoza vipembe viwili vyekundu vinavyonuka ndimu iliyooza, mama yangu, kina miguu, ni kiwavi, kiwavi mchanga, na yeye aliwajua wakiwa wakubwa tu, wa kijani, marehemu hakumwita kabla hawajanenepa... basi kila asubuhi, jani kwa jani, kwa mkono wake huu, misimu miwili, na kopo, kopo lilikuwa...

"Nawahamishia mdimu wa nyuma ya tangi kabla hujafika," anasema wifi, anashindilia udongo. "Wengine huwa siwaoni."

Kwa nini hukuniambia, anamuuliza, na sauti yake mwenyewe anaisikia kwa mbali.

"Ningekuambiaje? Nilikuona unavyoyafuta yale majani. Nikasema mwache, bado anamhudumia kaka yangu."

Na yeye alimnyima koti, Mungu wangu, koti lenyewe linaliwa na nondo kabatini, na maneno ya jana, matamu yalivyomtoka, atayazoa vipi, buti zimesimama juu yao, Mwenyekiti anakohoa kikohozi cha uongo, anasema samahani mama, kamati inaomba ule ufunguo wa geti, na wifi haulizi kwa nini, anamtazama Mama Pasi kidogo tu, anajua, alikuwa anajua hata alipopiga magoti hapa asubuhi hii, anajifuta mkono kwenye sketi na kuuingiza mfukoni, na huku anasema kwa upole shika mche vizuri wifi, unainama, na Mama Pasi anaushika, ufunguo wake mwenyewe wa geti u shingoni, asiposema sasa hatasema tena maisha yake yote.

"Mwenyekiti," anasema, "chukua wangu."