Kichwa cha Keekee cha Mzee Mdoe

Mwaka wa 1947 vita vilikuwa vimekwisha lakini shaba bado ilikuwa haipatikani, na karakana ya shamba letu la mkonge, upande wa Kerenge, ikaanza kutengeneza bushi za matoroli kwa mti. Bushi ni kipande cha duara kinachokaa ndani ya gurudumu, chenye tundu katikati ambamo ekseli hupita. Mti uliofaa ulikuwa mpingo, mpingo ulitoka Handeni, na mtu aliyeujua kuliko sisi wote alikuwa Mzigua wa Kwaluguru, Mzee Mdoe.

Ndiye aliyenifundisha kukereza. Baba yangu alikuja kutoka Tabora kwa mkataba, akafia kambini kabla sijaoa. Kwa kuwa Wazigua na Wanyamwezi ni watani, Mzee Mdoe alifika msibani, akaivaa kofia ya marehemu, akamkebehi maiti mpaka waliokuwa wakilia wakacheka. Kisha akanichukua na mimi. Alisema amerithi kofia na mzigo wake. Tangu hapo nilifanya kazi kando yake miaka tisa.

Mwaka ule mikono yake ilianza kutetemeka. Kwenye mashine ya kukereza haikuonekana sana, maana patasi huegemea chuma na mkono hupata pa kutulia. Lakini tundu la bushi alilitoboa nje ya mashine, kwa keekee ya mkono, na hapo mtetemeko wote ulijionyesha. Matundu yakaenda upande, matoroli yakayumba kama watu wanaotoka kilabuni. Mwingereza wetu wa karakana, ambaye tulimwita Bwana Saa kwa jinsi alivyopenda kuitazama ya kwake, aliokota bushi moja Jumatano asubuhi akachungulia ndani yake kwa jicho moja. Akasema anataka kumi na mbili zilizonyooka ifikapo Jumamosi. La sivyo, Mzee Mdoe atoke karakana akapalilie mikonge.

Alipoondoka Bwana ndipo Mzee aliponiambia kwamba yeye hapalilii; atafunga mzigo arudi Kwaluguru, na mkewe Chausiku njia anaijua. Alisema kwa sauti ya mzaha, lakini hakunitazama. Nilijua amekwisha kukata shauri, na nilijua nitabaki peke yangu kwenye ile mashine, na sikutaka.

Nikakumbuka sanduku lililokuja na mashine, ambalo hakuna aliyelifungua kwa miaka. Ndani nilikuta kitu kilichofungwa kwenye karatasi yenye grisi: kichwa cha keekee, yaani chuma chenye meno matatu ya kuuma keekee, na nyuma yake mkia mnene uliokonda kidogo kidogo kuelekea mwisho. Palikuwa na maelezo ya Kiingereza. Katika mafundi wa pale ni mimi tu niliyeweza kuyasoma, kwa kuwa nilikuwa nimehudhuria shule ya usiku ya misheni miaka minne bila kukosa, na sioni aibu kulisema.

Mpango wake ulikuwa mzuri. Mkia unaingizwa katika tundu la kichwa cha nyuma cha mashine, kile kisichozunguka. Mti unazunguka, keekee imesimama, na fundi kazi yake ni kuzungusha gurudumu dogo linaloisukuma mbele. Tundu halina budi kupita katikati. Nilimweleza Mzee Mdoe kwamba mkono unaweza kutetemeka unavyotaka, keekee haitapata habari. Akaniuliza kama mashine itamlia na ugali wake pia.

Lakini shamba la mkonge lina sheria yake isiyoandikwa. Maji ya mkonge hula chuma kama mchwa wanavyokula mti, kwa hiyo sisi tulipaka grisi kila mahali chuma kinapokutana na chuma. Hata bawaba za milango ya kambi zilikuwa nyeusi kwa grisi. Nami nikaupaka ule mkia vizuri, na tundu lake nikalijaza kwa kidole. Kwenye maelezo palikuwa na sentensi moja iliyosema mkia ufutwe kwanza. Niliisoma haraka nikadhani ni habari ya vumbi.

Alhamisi tukaanza. Keekee ilipogusa mpingo tu, kichwa chote kilizunguka pamoja na mti, kikapiga kelele. Nilikitoa, nikakiongezea grisi, nikakirudisha. Kikazunguka vilevile. Hadi Ijumaa mchana hatukuwa na bushi hata moja, na Mzee Mdoe alikuwa ameanza kufuta patasi zake mwenyewe na kuzifunga katika gunia, moja moja, polepole.

Ndipo Chausiku alipokuja na chakula. Alikuwa ametoka kulima na jembe lake bado lilikuwa begani. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akalitazama gunia, akamtazama mumewe, kisha akaja kusimama nyuma yangu kutazama mkia unaong'aa mkononi mwangu.

"Mnyamwezi," akasema, "kwenu Tabora mnapaka mafuta mkia wa jembe?"

"Hatupaki, bibi."

"Kwa nini?"

"Litachomoka kwenye mpini."

"Na hicho ulichoshika kina nini nyuma?"

Nikageuka kutazama begani mwake. Jembe lake lilikuwa la mkia, linalopenya kichwa cha mpini, na kila anapolima linazidi kukaza kwa sababu ni kavu. Mtu mwingine angeniambia hivyo mbele ya mafundi ningekasirika. Lakini yeye ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi.

"Shule yote ile," akasema Mzee Mdoe kutoka kwenye gunia lake, "na amekuja kufundishwa na mpalizi."

"Nyamaza wewe," mkewe akamwambia. "Wewe hukusoma na hukuona vilevile."

Akafungua kitambaa cha kaniki alichofungia chakula, akanipa. Nikaosha mkia na tundu kwa mafuta ya taa, nikafuta kwa kaniki, nikafuta tena kwa upande mkavu mpaka kidole kikakwama juu ya chuma. Nikauingiza, nikaugonga mara moja kwa nyundo ya mti. Nikajaribu kuuzungusha kwa mikono miwili, ukakataa.

Nikamwita Mzee Mdoe. Alishika gurudumu dogo kwa mkono uliokuwa ukitetemeka mpaka gurudumu likawa linagonga. Keekee ikaingia mpingoni taratibu, ikitema unga mweusi, ikatokea upande wa pili katikati kabisa. Mzee aliichukua bushi ikiwa bado na joto, akaipenyeza kwenye kipande cha ekseli, akaizungusha. Haikuyumba. Akaizungusha tena. Chausiku alianza kuzitoa patasi kwenye gunia bila kuambiwa.

Jumamosi Bwana Saa alipima zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine. Alisahau kuitazama saa yake. Mwishowe akasema Jumatatu anataka arobaini, na akamtaka Mzee Mdoe mwenyewe azitengeneze.

Mzee alingoja mpaka Bwana atoke.

"Umefurahi sasa?" akaniuliza. "Kesho ningekuwa Kwaluguru nimelala. Umeniletea kazi."

Nikamwomba radhi. Akaniambia niache maneno, nimletee mpingo.