Kura Tatu za Mwalimu Ndirangu

Kijiji kizima kilikuwa na kura tatu, na zote alikuwa nazo mume wangu. Serikali ya Wazungu ilimpa kwa cheti chake cha utiifu, kwa elimu yake, na kwa miaka yake ya ualimu. Sisi wengine kazi yetu ilikuwa kuchimba handaki la kuzingira kijiji na kunyamaza.

Mama yangu aliishi nasi, na kwetu mwanamume hasemeshani na mama mkwe wake. Basi kila neno lilipitia kwangu. Jamani, nilichoka!

"Mwambie mumeo zote ampe Mutugi," mama alininong'oneza jikoni.

Wagombea walikuwa watatu, na Mutugi peke yake ndiye aliyethubutu kusema vijana waliofungwa kwa tuhuma za uasi warudishwe kutoka kambini. Kaka yangu Kihara alikuwa huko mwaka wa tatu. Hatukujua kama yu hai.

Nikaufikisha ujumbe. Mwalimu akakuna kichwa.

"Bwana DC ana mtu wake, kanisa nalo lina wake. Wote wawili wanasema walio kambini wakae huko huko. Nikiwaudhi je?"

"Kura ni siri, Baba Gathoni."

"Siri gani? Hapa ukipiga chafya usiku, asubuhi chifu anakupa pole!"

Siku yenyewe akafunga tai, akaenda. Alirudi jioni akitabasamu kama mtu aliyepatanisha ugomvi.

"Nimewagawia moja moja. Hakuna wa kununa."

"Na wewe ni mwalimu wa hesabu! Si bora ungelala tu?"

"Mama Gathoni, nina watoto wa kulisha. Unataka nimfuate Kihara huko?"

Watoto ni wangu pia.

Ndipo mama akatoka jikoni, akasimama mbele yake, akamkazia macho. Mwalimu aliinuka kwa kishindo, kiti kikaanguka. Tangu anioe walikuwa hawajawahi kutazamana hivyo.

"Mwanangu," mama akasema, "mtoto wangu amepata ngapi?"

"Moja, mama."

"Na wanaotaka abaki kifungoni?"

Mwalimu akanigeukia, anataka nimjibie kama siku zote. Nikanyamaza. Nilikuwa na hasira, na nilimwonea huruma pia.

"Mbili," akasema.

"Haya. Asante kwa hiyo moja."

Mama akarudi jikoni, akaanza kukunja blanketi lake. Alisema atahamia kwa jirani, maana kwa kumsemesha mkwewe heshima ya nyumba ameshaivunja.