Joto Kidogo Tu

Nyasi zilikuwa zimeota juu ya kaburi la mama siku niliyorudi Matinyani, Desemba 1991. Nilikuwa nimemletea sweta. Nilimuuliza kaka yangu Kivuva ni nani amezikwa pale, naye akaniambia ni Mwaitu, mama yetu.

Mama alifariki Mei. Tangu hapo nilikuwa nimepokea barua tatu za Kivuva, na kila moja iliishia, "Mwaitu anakusalimu sana, Mbinya." Mama hakujua kuandika, kwa hiyo sikushuku kitu.

Nilikuwa Uingereza nikipima jinsi umeme unavyopita ndani ya utando wa madini mawili, indiamu na antimoni, mwembamba hata jicho haliuoni. Kila elektroni hujizungusha, hii huku na ile kule, nami nilitaka kujua kama sumaku inaweza kuzitenganisha. Lakini katika kitu hicho pengo linalozizuia elektroni ni dogo mno. Joto likiingia, zinaruka ovyo na kipimo kinapotea. Ndiyo maana tulikizamisha kwenye heliamu ya kimiminika, katika baridi ambayo kwetu Kitui hatuna neno lake. Nilijivuna, nisikudanganye. Mwezi wa nne nikamwandikia baba kurasa mbili nzima: kazi yangu haitaki kuguswa, joto kidogo tu na miaka mitatu imekwenda na maji.

Kwetu aliye masomoni hapelekewi msiba; anasubiriwa amalize. Mimi mwenyewe nilimficha Kivuva kifo cha babu mpaka alipomaliza mtihani wa kidato cha nne, na nikasifiwa.

Baba alitoka na kiti, akakiweka kivulini, lakini hakukikalia.

"Kivuva alitusomea hiyo barua yako," akasema. "Mama yako ndiye alisema, akiwa kwa kitanda: Msiambie Mbinya. Asiguswe, kazi itaharibika."

Nilimkasirikia baba. Niliwakasirikia wote, na yeye aliyelala pale zaidi. Nililia kwa sauti kama mtoto.

"Na hiyo kazi," baba akauliza, "haikuharibika?"

Wiki ile ile ya mazishi kipande changu cha utando kilipasuka kikipozwa. Nilikaa wiki sita nikisubiri kingine, sina la kufanya, nikisoma magazeti ya zamani. Ningefika. Ningetia udongo wangu.

Baba alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili, akinitazama.

"Haikuharibika, Baba."

Akashusha pumzi, akakaa.

"Basi tulifanya vizuri," akasema.