Daftari la Nusu Saa

Nilikuwa nimeinamia koti la mkuu wa posta, naubana mkono wa kushoto kwenye kwapa, pini ya sita kati ya kumi na mbili, saa ya ukutani ilipofika nane na nusu. Nikaacha pini, nikachukua penseli.

"Kaka, sasa hivi ukoje?"

Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkasi mapajani. Robo saa iliyopita alikuwa amesimama mezani anakata kitambaa mwenyewe, mstari umenyooka kama zamani. Sasa vidole vilikuwa vimekakamaa, na uso umetulia kama wa picha.

"Andika nimefunga," alisema kwa sauti ndogo. "Duka limefungwa, mwenye duka yumo ndani."

Nikaweka alama.

Daftari tulipewa na sista wa kliniki anakotibiwa kaka ugonjwa wake wa kukakamaa. Kila nusu saa alama moja, katika safu tatu: amefunga, yuko sawa, anachezacheza bila kutaka. Siku tatu mfululizo, na hii ilikuwa ya pili. Chini ya kila ukurasa iliachwa nafasi ya mengineyo.

Daftari la kwanza, la kabla ya hili, nililiharibu mimi. Lilikaa juu ya meza ya kukatia, wateja wanaliona, na sisi tulishajizoeza: kaka akikwama, namalizia mimi, na mteja anaambiwa kaka ndiye kashona. Basi hata kwenye daftari nikamshonea. Saa sita za kufunga nikaandika mbili. Daktari akasoma, akasema kwa saa mbili hatoboi kichwa cha mtu, akaongeza vidonge. Miezi mitano kaka alijinyonganyonga kitini kama aliyekalia siafu, na kidonge kikiisha nguvu, alifunga vilevile.

Tuliporudi kliniki nikakiri. Daktari hakunigombeza, heri angenigombeza. Alitueleza upya, polepole. Vidonge vimefika mwisho wake. Kuna pampu inayopitisha dawa tumboni mchana kutwa, lakini dawa yake hapa haipatikani. Imebaki operesheni: waya mbili nyembamba ndani ya ubongo, betri chini ya ngozi ya kifua, na umeme kidogo usiokatika.

"Usiokatika?" kaka aliuliza. "Basi mtaa mzima utakuja kwangu kuchaji simu."

Sista alicheka. Daktari alitabasamu, kisha akasema waya haziponyi ugonjwa, zinapunguza tu hizo saa za kufunga. Tena hawamwekei mtu ambaye akili yake imeanza kuchoka, kwa sababu huyo operesheni huweza kumharibu zaidi. "Kwa hiyo andikeni kila kitu," alisema. "Safari hii kila kitu."

Akili ya kaka! Nilicheka moyoni. Mtu anayekumbuka kiuno cha mteja wa miaka kumi iliyopita bila kufungua kitabu cha vipimo.

Mkuu wa posta akachungulia mlangoni. "Fundi, koti langu?"

"Ijumaa, mzee," nikamjibu.

"Ya mwezi gani?" Akaenda zake anacheka.

Nikaokota mkono wa pili mezani, kati ya ile miwili aliyoikata kaka, nikaupeleka kwapani upande wa kulia. Kiwiko kikapinda kwa nyuma. Nikaugeuza, bado. Nikaulaza juu ya ule wa kwanza, ukakaa ukingo kwa ukingo, uso wa kitambaa juu kwa yote miwili. Ilikuwa ya kushoto yote.

Mikono hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, miwili kwa pamoja, ili iangaliane. Anayejifunza hukosea hilo wiki ya kwanza, basi. Nikatazama kipande kilichobaki. Hakikutosha hata mfuko.

Wiki iliyopita aliniuliza mara tatu koti hili ni la nani. Nilijiambia amechoka.

"Kaka, ulikunja kitambaa?"

Aliitazama ile mikono. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakienda.

"Nimeikata lini?"

"Sasa hivi. Kabla hujafunga."

"Mkasi ulikuwa mwepesi," alisema. "Ulikwenda wenyewe. Nilifurahi mno."

"Nilikuona."

"Hiyo usiandike, mdogo wangu. Daftari ni la saa, si la makoti."

"Nikificha, watakutoboa."

"Si ndicho ninachotaka?"

"Na ukiamka hunijui?"

Alijaribu kucheka, uso ukakataa. "Na nikibaki hivi nakujua, nitakufaa nini?"

Saa tisa ikagonga. Bado alikuwa amefunga, nikaweka alama. Halafu penseli nikaishusha chini ya ukurasa, nikaandika kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka: *Saa nane na robo, yuko sawa, amekata mikono miwili ya kushoto. Hakumbuki.*

Kaka alinitazama mpaka nikaweka nukta. Uso haukusogea. Sikuweza kujua kama ni hasira au ni kufunga.

Koti nikalitundika ukutani, mkono mmoja umeshikwa na pini sita, upande wa pili tundu tupu. Kesho itabidi nizunguke madukani kutafuta kitambaa cha rangi ileile. Nikafungua ukurasa wa siku ya tatu, nikaanza kuupigia mistari ya kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.