Juisi ya Shangazi na Mbegu za Kijiti

Mimi ni fundi wa friji. Kitu kisioze, kitie baridi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na imenilishia watoto sita bila kunitia aibu, mpaka mdogo wangu Kijiti alipoambiwa ana kansa.

Kijiti ni kitinda mimba wetu, mwembamba tangu kuzaliwa, na alikuwa ameoa juzijuzi tu. Daktari, mama asiyezungusha maneno, alituambia kansa yake inatibika, ila dawa zenyewe hazichagui. Zinapiga kansa, zinapiga nywele, na zinaweza kumaliza mbegu za kiume zisirudi tena.

"Kama mnataka watoto, tugandishe mbegu kwanza. Dawa tunaanza Jumatatu."

Kijiti alitazama viatu vyake. Mkewe alimtazama yeye. Shangazi yetu, ambaye hakualikwa, akakohoa.

"Daktari, na mimea je? Nimesikia redioni inalinda mbegu za mwanamume."

Daktari hakumcheka. Alieleza kwamba dawa zile huleta kitu kama kutu ndani ya mwili, na mimea mingine ina vitu vya kuzuia kutu hiyo. Hapo nikaelewa. Kutu naijua. "Lakini mengi yamejaribiwa kwa panya," akasema. "Na mitishamba mingine inagombana na tiba. Akianza dawa, asinywe kitu bila kuniuliza."

"Hao panya, mbegu zao zilipona?"

"Baadhi yao, ndiyo."

"Basi," akasema Shangazi, kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku hiyohiyo alihamia kwa Kijiti na blenda yake. Akasaga bitiruti, komamanga na majani ambayo hakutaka kuyataja. Ilitoka juisi yenye rangi ya damu na ladha ya udongo.

"Kunywa, mwanangu. Ukoo wote uko kwenye glasi hiyo."

Kila Shangazi alipogeuka, Kijiti alinisogezea glasi. "Kaka, mimi mgonjwa. Nihurumie."

Nikawa nakunywa mimi. Undugu ni kufaana. Kesho yake nilikojoa mkojo mwekundu, nikapiga ukelele hadi mke wangu akaja mbio. Nilipomweleza habari ya bitiruti, alicheka mpaka akashika ukuta.

Ijumaa tukaenda maabara. Kijiti alipewa kikombe na chumba kidogo. Nje ya mlango manesi wanaitana, mfagizi anagonga ndoo. Akatoka na kikombe kitupu, jasho likimtiririka.

"Basi fanyia nyumbani," akasema mama wa maabara. "Iletwe ndani ya saa moja, na pia hakikisheni..."

Kijiti alikuwa ameshafika getini kwa aibu. Mimi nilimfuata.

Nyumbani mambo yakakubali. Nikakabidhiwa kikombe, nami nikafikiri kifundi: kitu hiki kinakwenda kugandishwa, kwa nini nisianze mapema? Nikakifukia kwenye kasha langu la barafu, barafu juu, barafu chini, nikapanda pikipiki nikijisifu njia nzima.

Mama wa maabara alifungua kasha, akanitazama. "Hii nini?"

"Mbegu. Nimekupunguzia kazi."

Akaweka tone kwenye kioo, akachungulia kwenye darubini, akachungulia tena. "Hakuna hata moja inayotikisika. Baba, ungeziweka kwapani! Zinatakiwa zifike na joto la mwili. Kugandisha kuna dawa yake na utaratibu wake. Hawa si samaki."

Maabara ilikuwa inakaribia kufungwa, na haifunguliwi tena mpaka Jumatatu. Nikampigia simu Kijiti.

"Kaka, umeniulia watoto?"

"Si wote. Njoo haraka, uje na mkeo."

Walikuja, na Shangazi nyuma yao na jagi. Mume na mke wakaingia kile chumba kidogo. Shangazi akavuta kiti, akakaa mlangoni kama askari.

"Wee wa ndoo, pita mbali! Humo ndani ukoo unafanya kazi!"

"Shangazi, nyamaza!" ikatoka sauti ya Kijiti ndani.

Nilimkokota Shangazi mpaka kwenye maegesho ya magari, akinitukana hatua kwa hatua. Tuliporudi, mlango ulikuwa unafunguliwa. Shemeji alitoka amekibana kikombe kwapani. Nikanyoosha mkono kumsaidia.

"Shemeji, wewe usiguse!"

Tukasubiri. Kijiti na mkewe walishikana mikono. Hatimaye mama wa maabara akatokeza kichwa.

"Zipo. Si nyingi kama nilivyotaka, lakini zinatosha. Na zinaogelea."

Kijiti akachuchumaa palepale, akafunika uso. Nikamshika bega.

"Juisi yangu!" Shangazi akapaza sauti. "Si niliwaambia? Panya hawasemi uongo!"

Kijiti akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, akaufunga.

Kwa kuwa dawa zilikuwa zinaanza, jagi nilipewa mimi nimalizie, lisiharibike. Nyumbani nikamsimulia mke wangu yote, na sifa za Shangazi pia. Hakucheka. Alilitazama lile jagi, akanitazama mimi, akaenda chumbani akarudi na mto wangu.

"Kama juisi ndiyo iliyofanya kazi," akasema, "aliyekunywa ni wewe. Sita wanatosha. Kalale sebuleni."