Usinitajie Mahali

Felista, mpokeaji wa simu za dharura, alikwisha kuzoea matusi. Kila anayepiga kutafutiwa ndugu hutaka kuambiwa ndugu yake yuko wapi, naye hujibu kwamba mahali simu ilipo huambiwa waokoaji tu. Hapo ndipo matusi huanza. Kwa hiyo Kibwana alipopiga kutoka Mkuyuni, mvua ikimzidi sauti, Felista alijiandaa kutukanwa.

"Mke wangu Mwaisha kapanda mlimani tangu asubuhi, kafuata makaburi ya ukoo wao kuyafagia. Sasa mlima umeporomoka. Simu inaita, hapokei."

Felista aliomba kampuni ya simu imtafute. Jibu lilipofika, simu ya Mwaisha ilikuwa haisogei, juu kabisa, karibu na msitu. Huruma ikamwingia. Mume mwenyewe huyu, mvua yenyewe hii! Utaratibu alioutetea siku zote akautupa kando.

"Kaka, nimempata. Yuko upande wa..."

"Usinitajie, dada!" Kibwana alipaza sauti. "Kule ni makaburini kwao. Kwa mila yao, mimi mkwe sipaswi kupajua. Mtajie mjomba wake, Mzee Said, awapeleke waokoaji."

"Na wewe?"

"Nitangoja hapa barabarani. Ila fanyeni haraka. Sina mwingine."

Felista aliona aibu, kisha akaona fahari kwa ajili ya mtu asiyemjua hata sura. Ni wangapi wangeziba masikio? Yeye asingeweza; angekwisha kuukwea mlima kwa magoti. Akampigia Mzee Said kwa namba aliyopewa na Kibwana, shikamoo akaitoa mbiombio, akamweleza. Ukoo ulikuwa na makaburi sehemu kadhaa. Sasa mzee alijua pa kuwapeleka waokoaji.

Ikabaki kungoja. Kibwana hakupiga tena, na kimya chake kilimuuma Felista kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa.

Alasiri Mzee Said alipiga, akihema. "Tumemfukua. Mguu umevunjika, lakini anaongea. Anamuulizia mumewe."

"Yuko barabarani, mzee. Nilitaka kumtajia mahali, akakataa kusikia."

Mzee aliwaambia waokoaji wangoje kidogo, kisha akarudi kwenye simu.

"Mwambie apande atusaidie kubeba machela," alisema. "Na mahali mtajie. Mwambie ni mimi mjomba nimesema."