Figo Zote Mbili

Kasyoka alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha uuguzi alipompeleka babake, fundi wa viatu wa Kambi Muru, hospitalini kuchukua majibu ya vipimo vya damu. Daktari aliyasoma kwa Kiingereza, haraka haraka, kisha akatoka.

"Amesema nini?" babake akauliza.

Kasyoka alilijua kila neno. Alikuwa amelikariri kwa mtihani.

"Figo zako haziwezi tena kusafisha damu, Baba."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Alingoja machozi yake mwenyewe, hayakuja. Akamweleza kuhusu mashine ya kusafisha damu kwa sauti ileile anayotumia kwa wagonjwa wodini.

Babake alisikiliza hadi mwisho. "Umesoma vizuri," akasema.

Jioni Kasyoka alipika sukuma wiki bila chumvi, kama wagonjwa wa figo wanavyoagizwa. Wakala pamoja, wakamaliza.